Siku Binti Mfalme Alipopanda Ngazi za Carrick Court

Bwana Pettigrew wa baraza la mji wa Dunharrow, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amejibu barua hata moja ya Senga Lafferty, alikuja mwenyewe Jumatatu asubuhi. Lifti ya Carrick Court ilikuwa mbovu, kwa hiyo alipanda kwa miguu hadi ghorofa ya sita. Senga alipofungua mlango alimkuta ameshika ukuta kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili.

"Bibi Lafferty," alisema, akitafuta pumzi. "Mmebahatika."

"Tumepata nyumba?"

"Mmepata mgeni. Binti Mfalme Rosamund. Ijumaa, saa tano asubuhi."

Senga alidhani anafanyiwa mzaha, akataka kufunga mlango. Pettigrew akatoa karatasi yenye muhuri. Binti Mfalme alikuwa mlezi wa Chama cha Vifua vya Watoto, na Ijumaa angefungua wodi mpya hospitalini. Kabla ya hapo alitaka kuona nyumba moja ambamo mtoto mwenye pumu anaishi. Daktari wa hospitali ndiye aliyepeleka jina la Catriona Lafferty, umri miaka minane.

"Sisi tungechagua familia nyingine," Pettigrew alisema bila kificho. "Lakini jina lilishafika huko juu."

Rab, mume wa Senga, alikuwa jikoni akimenya viazi. Tangu kiwanda cha meli kifungwe yeye ndiye aliyepika, na Senga ndiye aliyetoka kwenda kufagia ofisi za benki. Alitokeza kichwa.

"Mwambie akija avae makoti mawili," alisema. "Humu ndani kuna baridi kuliko nje."

Pettigrew hakucheka. Aliingia, akazunguka. Sebuleni aliangalia dari. Akafungua mlango wa chumba cha Catriona, akasimama kizingitini bila kuingia. Kuvu lilikuwa limeanzia pembe ya dirisha, likashuka nyuma ya kitanda, jeusi, lenye manyoya kama ngozi ya panya. Senga alikuwa akilisugua kila Jumapili, na kila Jumatano lilirudi. Catriona alikuwa kitandani siku hiyo, hakwenda shule. Kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi mdogo kila alipovuta hewa.

"Chumba hiki tutakifunga," Pettigrew alisema.

"Mtakifunga vipi? Mtoto atalala wapi?"

"Kwa siku ya Ijumaa tu, Bibi Lafferty. Binti Mfalme ataketi sebuleni."

*

Hapakuwa na mtu Dunharrow asiyemjua Rosamund. Alikuwa binti wa daktari wa mifugo aliyeolewa na mtoto wa pili wa Mfalme, na ndoa ile, magazeti yalisema, ilikuwa imebaki kwenye picha za ukutani tu. Mume aliishi na farasi wake kusini, na mke alizunguka nchi nzima akitembelea wagonjwa. Alikaa na watu waliokuwa wanakufa, akawashika mikono bila glavu. Aliwahi kumpangusa mzee mmoja makamasi mbele ya kamera. Wanawake wa Carrick Court walibandika picha zake jikoni, juu ya sinki. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kauli moja kuhusu hali ya magereza, mawaziri wakakasirika, magazeti yakapiga kelele wiki mbili, na tangu hapo alifungua wodi na kupokea maua, basi.

Jumanne wakaja mafundi watatu na ndoo za rangi. Wakapaka sebule, ukumbi mdogo na mlango wa mbele. Wakaleta zulia jipya, sofa, mapazia ya maua, na hita kubwa. Mmoja wao akajaza sarafu kwenye mita ya umeme hadi ikakataa kumeza nyingine, Senga akiwa amesimama kando akitazama. Katika miaka saba hakuwahi kuona mita ile imejaa.

"Hivi vyote ni vyetu?" aliuliza.

"Vya ofisi ya meya, mama," fundi alijibu, hata hakumwangalia usoni. "Jumamosi tunavifuata."

Jirani yake Jessie Buchan alikuja kuona. Jessie alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi mkali, na binti yake Lorna alikuwa na kifua kama cha Catriona. Aligusa sofa kwa kidole kimoja.

"Haya, mke wa meya. Na sisi wengine watatupaka lini?"

"Binti Mfalme akija kwako."

"Kwangu akija atatumbukia. Sakafu ya bafuni imeoza." Akacheka, kisha akapunguza sauti. "Mwambie, Senga. Mdomo ukifunguka tu, mwambie. Milango arobaini na minane humu ndani, na kila mlango una mtoto anayekohoa."

Lakini Jumatano Pettigrew alirudi na bibi mmoja kutoka ikulu, Bi Ashcombe, mrefu, mwenye sauti laini sana. Alimfundisha Senga kupiga goti. Mara ya kwanza aseme "Mtukufu", baada ya hapo aseme "Mama".

"Mama yangu yuko makaburini," Rab alisema. "Na goti langu la kushoto halikunji tangu nilipoanguka kutoka jukwaa la meli."

"Bwana Lafferty pengine angependa kutembea kidogo asubuhi hiyo," Bi Ashcombe alimwambia Senga, kana kwamba Rab hayuko chumbani. "Na jambo moja zaidi. Hii ni ziara ya hisani. Binti Mfalme haruhusiwi kuingizwa katika mambo ya baraza, kama vile nyumba. Ukimwambia, utamweka mahali pabaya. Unanielewa?"

"Namwelewa hata asiposema," Rab alisema, akarudi jikoni.

Pettigrew akabaki nyuma mlangoni baada ya Bi Ashcombe kushuka. Alisema kwamba ziara ikienda vizuri, faili la familia ya Lafferty linaweza kuangaliwa upya. Kulikuwa na nyumba zinazokaribia kumalizika huko Hillfoot. Nyumba kavu, zenye bustani.

"Na ikienda vibaya?" Senga aliuliza.

"Kwa nini iende vibaya?" alisema Pettigrew, akavaa kofia.

*

Rangi ilinuka. Walifungua madirisha, baridi ikaingia. Wakayafunga, harufu ikajaa. Kwa kuwa chumba cha Catriona kilikuwa kimefungwa tangu Alhamisi mchana na ufunguo uko mfukoni mwa Pettigrew, mtoto alilala sebuleni kwenye sofa ya meya, pua yake futi tatu kutoka ukuta mbichi.

Ijumaa saa mbili asubuhi, alipokuwa anakula uji wa shayiri, Catriona aliweka kijiko chini taratibu na kushika ukingo wa meza. Senga aliijua namna ile ya kushika. Alimpa pampu ya dawa ya pumu, mara mbili, mara nne. Mabega ya mtoto yalipanda na kushuka, na ngozi ya shingo ilikuwa ikiingia ndani kila alipovuta hewa. Midomo ilianza kugeuka rangi.

"Rab!"

Rab alikwisha kukimbilia kwa Jessie, ambako kulikuwa na simu. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika kumi na moja, na kwa sababu ya lifti, Rab alimbeba binti yake mgongoni ghorofa sita, huku mhudumu akishuka nyuma yao na mtungi wa hewa. Senga alichukua koti. Chini mlangoni alikutana na Pettigrew, aliyekuja mapema na mwanamke mwenye maua.

"Unakwenda wapi?" Pettigrew aliuliza.

"Huoni? Mtoto wangu hana pumzi!"

Pettigrew aliangalia gari, akaangalia saa. Uso wake ulikuwa umepauka; hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane aliyebakiza miezi michache astaafu. "Baba yake yuko naye," alisema. "Madaktari wapo. Bibi Lafferty, polisi wamekwisha kufunga barabara. Usipokuwepo sina la kuwaambia. Na Hillfoot sitaweza tena, nakwambia kweli."

Rab alikuwa ndani ya gari, ameshika barakoa ya hewa usoni mwa Catriona. Alisikia. Senga alisubiri amwambie panda. Rab alimtazama mkewe kwa muda kama wa mtu anayehesabu ngazi.

"Baki," alisema. "Hiyo nyumba itwae. Hata ukipiga magoti kumi."

Milango ikafungwa. Senga alisimama kwenye theluji chafu na viatu vya ndani hadi mwanamke mwenye maua alipomshika mkono.

Huko juu Pettigrew alikumbuka kwamba Binti Mfalme anakuja kuona mtoto. Alifikiri, kisha akagonga kwa Jessie. Hakumtazama Senga alipokuwa akieleza. Lorna ana miaka tisa, kifua chake ni kile kile, na Binti Mfalme hajawahi kuona picha ya Catriona. Dakika kumi na tano tu.

"Mnataka kumwazima mwanangu?" Jessie alisema. "Kama sofa?"

Kisha alimwona Senga nyuma ya Pettigrew, na viatu vyake vilivyolowa. Alimwosha Lorna uso, akamfunga utepe, akamleta.

*

Binti Mfalme alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha, na alikuwa amepanda ghorofa zote sita bila kuhema. Hilo ndilo la kwanza ambalo Senga aliliona. La pili ni kwamba alikuwa amechoka. Tabasamu lilikuja mapema kidogo kabla ya macho, kama la wahudumu wa dukani ifikapo jioni. Senga alipiga goti. Wapiga picha wanne walikuwa wamebanana ukumbini, na nyuma yao meya, na Pettigrew, na Bi Ashcombe.

"Sebule yako ina joto zuri," Binti Mfalme alisema.

"Ndiyo, Mtukufu."

Aliketi kwenye sofa, akamgeukia Lorna. Aliuliza anapenda somo gani, akasikiliza jibu kwa kichwa kilichoinama upande. Akauliza kama pampu ina ladha mbaya, akakunja uso, Lorna akacheka. Kamera zikalia. Senga aliona kwamba maswali yale yalikuwa na mpangilio wake, yameulizwa katika nyumba mia, na bado yalifanya kazi. Mtoto alikuwa amemsogelea hadi magoti yao yakagusana. Ilikuwa kazi, na alikuwa fundi wake.

"Na jina lako nani, mpenzi?"

Lorna aliangalia mlango, alikokuwa mama yake. Alikuwa amefundishwa jibu.

"Catri..." alisema, akaishia hapo, akaanza kukohoa.

Senga alikusudia kunyamaza. Aliifikiria Hillfoot. Alifikiria mgongo wa Rab ukishuka ngazi. Mdomo ukasema wenyewe:

"Huyu si wangu, Mama. Huyu ni Lorna wa mlango wa pili. Wangu yuko hospitalini."

Mpiga picha mmoja alishusha kamera, kisha akainyanyua tena.

"Tangu lini?"

"Tangu saa mbili hii ya leo."

"Na wewe uko hapa," Binti Mfalme alisema polepole. Haikuwa lawama. Aliangalia kuta, safi kama shuka, akavuta hewa kwa pua. "Hii rangi ni ya lini?"

Meya alimtazama Pettigrew.

"Baba yangu alitibu ng'ombe," Binti Mfalme alisema. "Banda likipakwa rangi, wanyama wanatolewa nje wiki nzima. Analala wapi binti yako?"

Senga alionyesha mlango. Binti Mfalme aliinuka, akashika kitasa. Kikagoma.

"Chumba kina mambo ya ukarabati, Mtukufu," alisema Pettigrew.

"Ufunguo uko wapi?"

"Msafara wetu unachelewa, Mama," Bi Ashcombe alisema kwa ile sauti laini. "Hospitali inasubiri."

"Basi nitausubiri ufunguo," Binti Mfalme alisema. Akarudi, akaketi, akaweka mikono mapajani. Hakuongeza neno. Meya alikohoa. Hita ilinguruma. Dakika mbili zilipita, na Senga hakuwahi kujua kwamba watu wakubwa huweza kuteseka kiasi kile kwa kukaa kimya tu. Mwishowe Pettigrew aliingiza mkono mfukoni.

Wakaingia wawili tu, Senga na Binti Mfalme, naye akausindika mlango nyuma yao.

Alisimama katikati ya chumba kidogo. Maji yalikuwa yakitambaa chini ya dirisha. Godoro lilikuwa limesogezwa mbali na ukuta kwa matofali mawili. Alisoma kuta kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya, polepole, hadi mwisho.

"Umeandika kwao?"

"Barua kumi na moja."

"Nitazungumza na meya. Kwa faragha. Hivyo ndivyo ninavyoruhusiwa."

"Meya anajua, Mama. Meya alipita hapa kuomba kura."

Binti Mfalme aliangalia kitanda.

"Waite hao wenye kamera," Senga alisema.

"Wakiingia, kesho nchi nzima itaona kitanda cha mtoto wako. Watu watasema hujui kufanya usafi. Watakuja kukupigia mlango. Mimi najua wanavyofanya."

"Waone tu. Nimeshapangiwa nisionekane, ndiyo maana umewekewa mtoto wa watu pale."

"Na mimi," Binti Mfalme alisema, akaacha kidogo, kana kwamba anajiuliza kama inafaa kuendelea. "Mimi niliambiwa mwaka jana kwamba nikirudia kusema kama nilivyosema juu ya magereza, watanivua ulezi wa vyama vyangu. Kimoja kimoja. Hivyo vyama ndivyo nilivyonavyo, Bibi Lafferty. Sina kazi nyingine."

Ilikuwa ajabu kwa Senga kumwonea huruma mtu mwenye lulu masikioni, na alikasirika kwa kumwonea. "Mimi sijui mambo yako, Mama," alisema. "Najua ya hapa."

Binti Mfalme aliangalia kitanda tena. Kisha alivua glavu ya kulia, ile nyeupe, akabadili nia, akaivaa tena. Akafungua mlango.

"Tafadhali, mabwana," aliwaambia wapiga picha. "Huku."

Na walipojazana kizingitini, Bi Ashcombe akiita jina lake nyuma yao, alibandika kiganja ukutani juu ya mto wa Catriona, akakibonyeza, akakigeuzia kamera. Glavu ilikuwa nyeusi kutoka vidoleni hadi kifundoni.

*

Hospitalini, saa saba mchana, Senga alimkuta Catriona amekaa, akinywa maji kwa mrija. Wodi mpya ilikuwa imejaa puto. Binti Mfalme alikwisha kupita, na Rab alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda.

"Alikuja hapa," Rab alisema. "Hakuwa na kamera. Alimuuliza Catriona kama anapumua vizuri, akaniambia mke wangu ana moyo. Nikamwambia najua."

"Ulipiga goti?"

"Goti halikunji." Alikuna kidevu. "Niliinuka kitini."

Picha ilikuwa kwenye kila gazeti Jumamosi. Siku hiyo hiyo mafundi walikuja kuchukua sofa, zulia, mapazia na hita, wakapita katikati ya waandishi waliokaa kwenye ngazi. Kama alivyoonywa, zilikuja barua. Nyingine za pole, nyingine zikimwambia Senga anunue sabuni. Waziri alisema bungeni kwamba watu wa nyumba ya kifalme wasigeuzwe vibao vya matangazo. Siku ya tisa baraza likaipa familia ya Lafferty funguo za Hillfoot, namba ishirini na mbili, na meya akapigwa picha akizikabidhi. Pettigrew hakuonekana. Alikuwa amestaafishwa kabla ya wakati.

Milango mingine arobaini na saba ya Carrick Court haikupewa kitu. Baraza lilisema linafanya tathmini. Siku Rab alipokuwa akishusha kabati kwa kamba, hakuna jirani aliyetoka kumsaidia, na mlango wa Jessie ulibaki umefungwa, ingawa redio ilisikika ndani.

Nyumba ya Hillfoot ilikuwa kavu. Catriona alilala hadi asubuhi bila kuamka. Senga alikaa wiki tatu akingojea furaha itulie, na haikutulia. Alipokuwa akifagia benki alijikuta akihesabu watoto kwa majina yao, ghorofa baada ya ghorofa.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili alichukua ndoo, brashi mbili na chupa ya dawa ya madoa, akapanda basi. Lifti ilikuwa bado mbovu. Jessie alifungua mlango, akamtazama kutoka kichwani hadi viatu.

"Umekuja kutuangalia?"

"Nimekuja kusugua."

"Hillfoot hakuna kuta za kusugua?"

"Hazina kitu."

"Masikini wee," alisema Jessie. Alibaki ameziba mlango. "Mwanangu alikaa pale kama mwanasesere. Umepata nyumba kwa kikohozi chake."

"Ndiyo," Senga alisema. "Nimepata."

Pengine Jessie alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na jibu lile halikumpa pa kushika. Alisogea pembeni. Chumba cha Lorna kilikuwa sawa na kile kingine, upande wa pili wa ukuta ule ule. Lorna alikuwa sakafuni akichora. Aliuliza kama Binti Mfalme atarudi.

"Huyo mwenzio wamemvua chama," Jessie alimwambia. "Redio imesema asubuhi. Chama cha Vifua amepewa shangazi mmoja wa Mfalme, ana miaka themanini." Akamgeukia Senga. "Ulijua watamfanya hivyo?"

"Aliniambia."

"Akabandika mkono hata hivyo?"

"Akabandika."

Jessie alitafuna midomo. "Na tathmini ya baraza, Rab amesikia chochote?"

"Hakuna. Jumatatu nakwenda ofisini kwa baraza. Twende wote, na watoto, milango yote. Tukae tu, kama yeye alivyousubiri ufunguo. Tuwasubirishe."

"Kukaa najua," alisema Jessie. Akachukua brashi moja kutoka kwenye ndoo, akapandisha mikono ya sweta, akaanza kusugua chini karibu na kitanda. Senga alichovya ya kwake, akapanda kwenye kiti, akaanza na pembe ya juu ya dirisha, kule ambako Jessie hafiki.